Uvimbe unaporudi katikati ya dawa za kifua kikuu, tusitafute wa kulaumu

Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, ugonjwa usioeleweka huleta swali moja: nani amemtilia sumu? Wengine huiita karuho. Swali hilo limekwisha kuvunja ujirani, na mara nyingine kumwaga damu. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya amani tunapaswa kuelewa jambo moja linalowapata baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Mgonjwa anaanza dawa. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi. Kisha, baada ya wiki au miezi kadhaa, tezi za shingo zinavimba upya, homa inapanda, au maji yanajaa kifuani. Jamaa wanasema: dawa zimeshindwa, kuna mkono wa mtu.

Waganga wanaeleza hivi: dawa zinapoua vijidudu, mabaki yake hubaki mwilini. Kinga ya mwili, iliyokuwa imelemewa, inapata nguvu na kuyashambulia mabaki hayo. Mapambano hayo ndiyo yanayoleta uvimbe. Hali hii huwapata zaidi wenye virusi vya SIDA walioanza dawa za kupunguza makali, hasa katika miezi 3 ya kwanza, kwa sababu kinga yao inaamka kwa haraka.

Tufanye nini?

- Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na kuyakatisha kunaweza kuzaa kifua kikuu sugu.
- Arudi kwenye kituo cha afya. Si kila anayezidiwa ana hali hii. Muganga atachunguza kama vijidudu ni sugu, kama dawa zinamezwa sawasawa, au kama kuna ugonjwa mwingine. Uvimbe ukiwa mkali, yeye ndiye anayeamua kuongeza dawa ya kuutuliza, kama prednisoloni.
- Asichelewe hata siku moja akipumua kwa shida, akiumwa sana na kichwa, akichanganyikiwa, au macho yakiwa ya manjano. Macho ya manjano yaweza kuonyesha kwamba ini limedhurika.

Wakuu wa vijiji, wachungaji, mashehe na mama wa vikundi, tunawaomba: kabla jina la jirani halijatajwa, ulizeni kwanza kama mgonjwa yuko kwenye dawa za kifua kikuu. Kisha mumsindikize kwa muganga.