UZI: "Tutafufua ushirika." Hiyo ahadi ina maana gani kwa mkulima wa mahindi?

1/ Kila mdahalo wa uchaguzi huku Kaskazini mwa Bonde la Ufa una ahadi mbili hazikosi: bei ya mahindi, na "tutafufua ushirika". Ya kwanza watu wanashangilia. Ya pili inapita tu kama tangazo la redio. Leo tuongee hiyo ya pili, bila kutaja jina la mtu wala chama. Shuka nami.

2/ Tuanzie hapa Moi's Bridge. Msimu wetu wa mahindi ni mmoja tu. Tunapanda Machi na Aprili mvua ikishika, tunavuna kuanzia Oktoba. Wote tunavuna wakati mmoja, halafu Januari karo inabisha hodi. Broka anaijua hiyo kalenda vizuri kuliko mwalimu mkuu.

3/ Lori linaingia mpaka shambani. Mahindi hayajakauka sawasawa, stoo huna, mtoto anataka kurudi shule. Wewe una gunia 20, yeye ana pesa taslimu na mizani yake mwenyewe. Bei anataja yeye. Na tusimwite shetani: analipa siku hiyo hiyo, jambo ambalo wanunuzi wakubwa hawafanyi kila mara.

4/ Tufanye hesabu ya mfano tu, bei hubadilika kila mwaka. Novemba gunia la kilo 90 ni 3,000, Juni ni 4,200. Kwa gunia 20, tofauti ni 24,000. Ukikopa 30,000 ya karo kwa riba ya 1% kwa mwezi, miezi 7 ni 2,100. Kukausha na kuhifadhi, tuseme 150 kwa gunia, ni 3,000. Unabaki na 18,900 ambazo ungemwachia mwenye lori.

5/ Sasa mkulima mmoja hawezi kufanya hayo peke yake. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa 13.5%, la sivyo yanaota kuvu na sumu ya aflatoxin. Mashine ya kukausha ni ghali. Na benki haikopeshi mtu kwa sababu ana gunia kwenye chumba cha kulala.

6/ Hapo ndipo sosaiti inaingia: stoo moja, mashine moja, mizani ambayo wanachama wanaiamini, na mkopo mdogo wakati wa karo. Kenya hata ina Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya 2019: unaweka mahindi kwenye ghala lililosajiliwa, unapewa stakabadhi, na hiyo unaweza kuombea mkopo.

7/ Lakini tusidanganyane. Kungoja ni kamari pia. Serikali ikifungulia mahindi ya nje bila ushuru mwezi wa Mei, bei ya Juni inaanguka na stoo yako imejaa. Kwa hivyo mgombea anayeahidi ushirika asipoeleza sera yake ya mahindi ya nje, amekupa nusu ya jibu.

8/ "Mbona basi sosaiti za maziwa na kahawa zinasimama, za mahindi zinakufa?" Swali zuri. Maziwa yasipofika kwa mtambo wa kupoza leo, yanaharibika. Kahawa ikichumwa leo, inamenywa leo. Mkulima anahitaji kiwanda kila mara, kwa hivyo sosaiti inaweza kumkopesha na kukata deni kwa malipo yake. Githunguri kule Kiambu walianza 1961 na bado wanauza maziwa.

9/ Mahindi yanakaa. Unaweza kuchukua mbolea ya sosaiti Machi, halafu Novemba umuuzie broka usiku kwa shilingi 100 zaidi. Deni linabaki kwa kitabu. Wakifanya hivyo wanachama wengi, hakuna chama. Hii sehemu wanasiasa hawaisemi kwa sababu inatugusa sisi wapiga kura.

10/ Sehemu ya pili inawagusa wao. KFA ilianzishwa 1923 na walowezi, baadaye ikawa duka la mkulima nchi nzima. Miaka ya 1980 ikageuzwa kuwa KGGCU, miaka ya 1990 ikarudishiwa jina la KFA. Mabadiliko makubwa kama hayo ya chama cha wakulima yalifuata upepo wa siasa. Kisha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ikaondoa mkono wa serikali ghafla, viongozi wa vyama kadhaa wakajichotea, na 2004 bunge likalazimika kurekebisha sheria ili usimamizi urudi.

11/ Kwa hivyo akisimama jukwaani aseme "tutafufua ushirika", muulize:
– Stoo itakuwa ya nani: wanachama, kaunti, au rafiki wa mtu?
– Hesabu zitakaguliwa na nani, na zitasomwa mbele ya wanachama lini?
– Mkopo wa karo utatoka wapi, kwa riba gani?
– Ukifuta madeni ya chama, aliyekula pesa atashtakiwa ama naye amefutiwa?

12/ Na uliza mtu anayefaa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka vyama vya ushirika chini ya kaunti. Mahindi ya nje na ushuru ni Nairobi. Anayetaka ugavana akikuambia "hiyo ni ya serikali kuu", au anayetaka urais akikuahidi stoo ya kijiji, mmoja wao anakupima akili.

13/ La mwisho ni letu. Sosaiti ni mwanachama mmoja, kura moja, mwenye ekari 1 sawa na mwenye ekari 100. Lakini mkutano mkuu wa mwaka ukifika tunatuma salamu, halafu mwaka ujao tunauliza pesa zilienda wapi. Kama uko kwa sosaiti yoyote, huo mkutano ni lini? Ukikosa jibu, anzia hapo kabla ya kungoja mdahalo.

Huko kwenu sosaiti iko hai ama ilikufa? Ilikufa vipi? Andika chini, nitasoma zote.