Ndio Maana Mtoi Mchina Akiwa Majuu Anaweza Kumwita Juliet "He"

Cheki hii stori. Mtoi ametoka China na wazazi wake, wameshukia San Francisco, na kabla azoee baridi ya huko ashapewa Romeo and Juliet. Ticha anataka insha. Dogo anaandika vizuri tu kuhusu Juliet, halafu katikati dem anageuka "he". Darasa linacheka, ticha anaona kitabu hakikusomwa.

Kilisomwa, manze. Shida ni kwamba Kichina cha kuongea hakitofautishi "he" na "she". Kimandarini ni "ta", Kikantoni ni "keoi", na hapo umemaliza wanaume na wanawake wote. Kabla umcheke, kumbuka sisi pia tuko na "yeye" moja tu, na wasee wengi huku mtaani washawahi kusema "my mother, he..." bila kushtuka.

Halafu kuna kitenzi. Sisi tunasema naenda, nilienda, nitaenda. Kwa Mchina neno lenyewe halibadiliki: wakati unajulikana kwa maneno kama jana ama kesho, ama kijineno kidogo kando. So akiandika "yesterday I go" si uvivu, ni Kichina kimevaa nguo za Kizungu. Sasa mwongezee Kiingereza cha Shakespeare cha miaka zaidi ya 400, chenye hata Wazungu wenyewe husoma wakikuna kichwa.

Wikendi nayo? Wengi hupelekwa shule ya Kichina, juu mathe hataki lugha ya nyumbani ipotee. Huko hakuna a-e-i-o-u. Orodha ya serikali ya China ya 1988 ina herufi 3,500 za kawaida, na unazishika kwa kuziandika tena na tena. Ukiacha kidogo, mkono unasahau.

Kuna watu husema apewe tu kitabu sawa na wenzake, ajipange. Hivyo ndivyo shule za San Francisco zilivyojitetea. Familia za Wachina zikaenda kortini 1970, juu watoto kama 1,800 wa asili ya Kichina wasiojua Kiingereza walikuwa wanakaa darasani bila msaada wowote wa lugha. Januari 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi hiyo, Lau v. Nichols, na majaji wote wakakubaliana: kitabu kile kile na ticha yule yule si usawa kama mtoto haelewi kinachosemwa.

Lakini korti haikusema msaada uwe wa aina gani. Afunzwe Kiingereza kwanza, ama masomo mengine yaendelee kwa Kichina? Hapo ndipo vita vilibaki. 1998 wapiga kura wa California walibana masomo ya lugha mbili, na 2016 wakarudi debeni kuyafungulia tena.