Kununua Miaka ya Kazi: Habari za Wazima Moto wa California

Wakati wa kiangazi milima ya California, jimbo lililo magharibi mwa Marekani, hukauka hata nyasi zake zikawa za rangi ya simba. Upepo ukivuma kutoka jangwani, cheche moja yatosha kuwasha moto utakaokula misitu na nyumba kwa siku nyingi. Kazi ya kupigana na moto huo ni ya watumishi wa Serikali ya jimbo, nao ni watu wenye heshima kubwa, kwa maana watu huwaona wakielekea kule ambako wenzao wanakukimbia. Hao ndio waliokwenda kortini kudai haki ya kununua miaka ambayo hawakuifanyia kazi.

Maneno hayo ya mwisho huenda yakamshangaza msomaji. Mtu hununua ng'ombe, au shamba, au mabati ya nyumba. Lakini mwaka wa kazi hupatikana kwa kuufanyia kazi, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka uishe. Ili jambo hili lifahamike, yapasa kwanza kueleza jinsi pensheni ya watumishi wale inavyohesabiwa.

HESABU YA PENSHENI

Jimbo la California lina hazina ya pensheni iitwayo kwa kifupi CalPERS, iliyoanza mwaka 1932, na ofisi yake kuu iko katika mji wa Sacramento. Mtumishi hukatwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi, mwajiri naye huongeza sehemu yake, na fedha zote hutiwa katika biashara mbalimbali ili zizae. Lakini siku ya kustaafu mtumishi hapewi tu kile kilichozaa. Hupewa malipo ya kila mwezi mpaka kufa kwake, nayo hupimwa kwa mambo matatu: umri wake, mshahara wake wa mwisho, na miaka aliyotumika.

Mfano wake ni huu. Karani wa jimbo aliyeandikwa chini ya kanuni ya zamani, akistaafu na umri wa miaka 55, alihesabiwa asilimia 2 ya mshahara kwa kila mwaka wa kazi. Kama alitumika miaka 25, alipata asilimia 50. Mshahara wake ukiwa dola 5,000 kwa mwezi, pensheni ilikuwa dola 2,500. Sasa mwongezee karani huyo miaka 5 juu ya ile 25. Asilimia zimekuwa 60, na pensheni dola 3,000. Tofauti ni dola 500 kila mwezi maadamu yu hai.

Watumishi wa Serikali ya Kenya waliomo katika utaratibu wa zamani hawataiona hesabu hii kuwa ngeni, maana yao ni ndugu yake: sehemu moja katika 480 ya mshahara kwa kila mwezi mzima wa kazi, yaani asilimia mbili na nusu kwa mwaka. Karani aliyepata kufungua faili lake karibu na kustaafu, akakuta miezi yake ya kwanza haikuandikwa, hahitaji kufundishwa thamani ya mwezi mmoja.

MIAKA YENYE KAZI NA MIAKA YA HEWANI

Kununua miaka ni jambo la zamani huko Marekani, na kwa sehemu kubwa halina ubaya wowote. Mtu aliyeacha kazi na kuchukua akiba yake, kisha akarudi, aweza kuirudisha akiba ile pamoja na riba, na miaka yake ya kwanza ikafufuka. Aliyekuwa askari kabla ya kuajiriwa aweza kununua miaka ya uaskari. Hata kijana aliyejitolea katika Peace Corps, kazi iliyoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961 ya kupeleka Wamarekani kusaidia nchi nyingine, aweza kununua muda huo. Kundi mojawapo la kwanza kabisa lilikuja Tanganyika mwaka ule ule, nao walikuwa wapima ardhi na mafundi wa barabara. Kwa hiyo yawezekana miezi iliyotumika katika vumbi la Tanganyika imelipwa katika pensheni ya mtu aliyezeekea Sacramento.

Miaka ya namna hiyo, hata ikinunuliwa, ina kazi nyuma yake. Mtu alikuwa mahali fulani, akifanya jambo fulani, na jasho lilimtoka.

Mwaka 2003 wenye kutunga sheria wa California waliongeza mlango mwingine. Tangu Januari 1, 2004, mtumishi aliyekwisha kutimiza miaka 5 ya kazi aliruhusiwa kununua mwaka mmoja, au hata mitano, isiyokuwa na kazi yoyote nyuma yake. Hakuulizwa alikuwa wapi wala alifanya nini. Mpaka wa miaka 5 ulifuata sheria ya kodi ya Serikali kuu ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1997. Ila miaka yenyewe watu waliiita kwa mzaha miaka ya hewani, na jina likashika. Ilifaa kwa kuongeza malipo tu. Haikumsaidia mtu kutimiza miaka ya chini inayotakiwa ndipo aruhusiwe kustaafu.

BEI YA KITU KISICHOONEKANA

Sheria ilitaka mnunuzi alipe gharama yote yeye mwenyewe, asimwachie mwajiri hata senti moja. Nia hiyo ilikuwa njema, na maneno yake yalisomeka vizuri. Lakini ni nani ajuaye gharama ya dola 500 kwa mwezi kwa maisha ya mtu ambaye bado hajastaafu? Muuza mahindi hupima gunia kwa mizani, akataja bei. Hapa hakuna mizani. Wataalamu wa hesabu za pensheni hukisia mtu huyu ataishi miaka mingapi, mshahara wake utapanda kiasi gani, na fedha zitazaa asilimia ngapi kila mwaka. Kisha hutoka na tarakimu moja, nayo ndiyo bei. Mtumishi aliweza kuilipa kwa mara moja, au kukatwa mshahara kwa miezi isiyozidi 180, pamoja na riba.

Kwa mnunuzi, hii ilikuwa bahati nasibu ya heshima. Kama yule karani wa mfano alitajiwa bei ya dola 90,000, ilimbidi aishi miaka 15 baada ya kustaafu ili arudishiwe tu fedha alizotoa, bila kuhesabu riba. Akifa katika mwaka wa tatu, hasara ni yake, isipokuwa alichagua kupunguziwa malipo ili mjane wake naye apate. Akifika miaka 90, amefaidi sana. Kwa hiyo wenye busara walitazama kwanza umri wa wazazi wao, ndipo wakatazama mfuko.

Kwa mwajiri mambo yalikuwa mengine, na hapo ndipo penye kiini cha shauri lote. Bei ikishalipwa haibadiliki. Lakini pensheni hupimwa kwa mshahara wa mwisho, si kwa mshahara wa siku ya kununua. Karani aliyenunua miaka 5 akiwa na cheo kidogo, kisha akapandishwa kupita ilivyokisiwa, alipata miaka ya bwana mkubwa kwa bei ya karani. Na yale makisio ya fedha kuzaa? CalPERS ilikuwa ikitumaini asilimia 7.75 kwa mwaka. Kisha yakaja maanguko ya biashara ya mwaka 2008, na katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2009 hazina ile ilipoteza karibu robo ya mali yake. Mwaka 2012 makisio yakashushwa kuwa asilimia 7.5, na kwa hatua yakafika 6.8 mwaka 2021. Maana yake ni kwamba waliouziwa miaka kwa makisio ya zamani waliuziwa kwa bei iliyokuwa ndogo mno, na pengo hilo, penye kutokea, huangukia Serikali na miji inayoajiri, yaani mlipa kodi, ambaye pengine hana pensheni ya aina yoyote.

Haifai kuwalaumu wanunuzi kwa hilo. Waliambiwa bei, wakalipa bei.

MLANGO KUFUNGWA

Mwezi wa Septemba 2012 Gavana Jerry Brown alitia sahihi sheria ya kurekebisha pensheni. Sheria hiyo ilikuwa na mambo mengi, hasa kupunguza kanuni za malipo kwa watumishi wapya, lakini kifungu kimoja kilihusu miaka ya hewani: ombi lolote la kununua lisilopokelewa kabla ya Januari 1, 2013 halitakubaliwa. Miaka ya uaskari na ile ya kurudisha akiba haikuguswa. Waliokwisha kununua nao hawakunyang'anywa kitu.

Hivyo watumishi walibakiwa na miezi kama mitatu na nusu. Watu wengi walipeleka maombi yao kwa haraka, wengine bila kupata nafasi ya kupiga hesabu sawasawa. Wengine hawakuweza hata kwa haraka. Mtu aliyekuwa na miaka minane kazini, mwenye watoto shuleni na deni la nyumba, alikuwa amepanga kununua miaka yake baadaye, watoto wakishamaliza masomo. Sheria ya 2003 ilisema kwamba ombi laweza kuletwa wakati wowote kabla ya kustaafu. Yeye aliyasoma maneno hayo kama ahadi, akaweka mpango wa maisha juu yake.

Chama cha wazima moto wa jimbo, kiitwacho CAL FIRE Local 2881, kikapeleka shauri kortini. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza. Katiba ya California hulinda mapatano yasivunjwe na sheria mpya, na korti za jimbo hilo kwa miaka mingi zimeihesabu pensheni kuwa mapatano kati ya Serikali na mtumishi. Tena tangu hukumu ya mwaka 1955 katika shauri la mji wa Long Beach, korti zilishika kwamba mtumishi akipunguziwa jambo katika pensheni yake, yapasa apewe jambo jingine la kumfaa badala yake. Kununua miaka, walisema wazima moto, kulikuwa sehemu ya haki walizozikuta walipoingia kazini au walizopewa wakiwa kazini. Haki hiyo imeondolewa, na mahali pake hapakuwekwa kitu.

Walishindwa katika korti ya kwanza, wakashindwa katika rufani mwezi wa Desemba 2016, wakaendelea mpaka Mahakama ya Juu ya California. Hukumu ilitolewa Machi 4, 2019, ikiandikwa na Jaji Mkuu Tani Cantil-Sakauye, na majaji wote walikubaliana juu ya mwisho wake. Haikupita hata miezi minne tangu moto wa Novemba 2018 ulioteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85, na majina ya wazima moto yalikuwa bado midomoni mwa watu. Lakini korti haikuulizwa kama ni watu wema. Iliulizwa kama walikuwa na mapatano.

Jibu lilikuwa kwamba hawakuwa nayo. Pensheni, walisema majaji, hulindwa kwa kuwa ni mshahara uliowekwa nyuma: kila siku ya kazi huongeza kidogo, na mwajiri aliyekwisha kuipokea kazi hawezi kukataa malipo yake. Lakini ruhusa ya kununua miaka haikukua kwa kazi. Mwenye miaka 5 na mwenye miaka 25 waliruhusiwa sawasawa, kipimo kile kile. Ilifanana zaidi na nafasi ambayo mwajiri huwapa watumishi wake ya kuchagua bima ya afya au bima ya maisha. Nafasi ya namna hiyo mwajiri aweza kuibadili. Na yale maneno ya wakati wowote kabla ya kustaafu yalieleza ni lini ombi laweza kuletwa siku zile sheria ingali ipo. Hayakusema kwamba sheria yenyewe haitafutwa. Kwa kuwa hapakuwa na mapatano, korti haikuona haja ya kuigusa ile kanuni ya mwaka 1955.

Hukumu hiyo ni vigumu kuipinga kwa hoja za sheria. Hata hivyo yule mwenye miaka minane kazini alikuwa na manung'uniko ya haki, kwa maana Serikali ilimwonyesha mlango ulio wazi, ikamwambia hakuna haraka, kisha ikampa miezi mitatu na nusu. Kama wenye kutunga sheria wangeutangaza mwisho kwa miaka miwili, pengine shauri lenyewe lisingefika kortini, ingawa pengo la hazina lingezidi.

Katika Kenya hakuna mlango wa namna hii kwa mtumishi aliye katika utaratibu mpya ulioanza Januari 1, 2021. Humo Serikali hutoa asilimia 15 ya mshahara, na mchango wa mtumishi ulipangwa kupanda hatua kwa hatua mpaka asilimia 7.5, na kila mtu ana hesabu yake. Kinachopimwa ni fedha zilizomo na kile zilichozaa, si miaka. Mwaka ambao haukuchangiwa haupatikani kwa bei yoyote.

Kule California waliowahi kabla ya mwisho wa 2012 wanayo miaka yao. Waliochagua kukatwa kwa miezi 180 tangu mwanzo wa 2013 wamepangiwa kumaliza makato mwishoni mwa mwaka 2027, na waliochelewa kidogo kuanza watafika 2028.