Sura ya 6: Kadi Mbili, Lango Moja

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Lubumbashi ilikaa bila barua pepe wala WhatsApp kama miji mingine. Lakini kebo inayotoka kwenye kompyuta ya mhasibu hadi kwenye seva ya ofisi haikuguswa na amri yoyote. Ofisi yenye mtandao wa ndani unaojitegemea ingeweza kuandika ankara, kuchapa na kulipa mishahara siku zote zile. Ofisi iliyozoea kutuma faili kwa barua pepe kutoka meza moja hadi nyingine ilikwama, ingawa meza hizo zinatazamana.

Sura hii ni ya kutenganisha mambo hayo mawili katika kompyuta moja: kadi moja ya mtandao kwa ajili ya intaneti, nyingine kwa ajili ya kazi za ndani.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha, kazi inayolisha familia nyingi hapa kwa sababu ya mpaka wa Kasumbalesa. Kila kompyuta inahitaji intaneti ili kuingia Sydonia, mfumo wa kompyuta wa DGDA, idara ya forodha. Inahitaji pia seva ya pembeni, yenye nakala za ankara na hati za magari. Ofisi nyingi huanza na kisanduku kimoja cha 4G, na kompyuta zote zikaungwa nacho kwa Wi-Fi. Hapo ndipo uzito unapoanza. Faili likitoka kompyuta moja kwenda nyingine hupita hewani mara mbili, kwenda kwenye kisanduku na kutoka kwenye kisanduku, na katika chaneli moja ya Wi-Fi kifaa kimoja tu ndicho kinachozungumza kwa wakati mmoja. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, faili la gigabaiti 2 huchukua zaidi ya dakika 13. Kwa kebo ya gigabiti 1, huchukua chini ya nusu dakika, mradi diski ziwe na mbio za kutosha.

Watu wengi huamini kwamba kunakili huko kunakula mega. Hakuli hata moja, maana faili halitoki nje ya nyumba. Kinacholiwa ni nafasi ya hewani, na anayeumia ni mwenzako anayesubiri ukurasa wa Sydonia ufunguke.

Dawa yake ni swichi, kebo na kadi ya pili. Kompyuta ya mkononi yenye Wi-Fi na tundu la kebo tayari ina kadi mbili, kwa hiyo huhitaji kununua kitu. Isiyo na tundu itatumia adapta ya USB, na hapo chagua ya USB 3, kwa sababu USB 2 inaishia megabiti 480 kwa sekunde.

Kuchomeka ni kazi rahisi. Kazi yenyewe iko katika kuiambia mashine kipi kipite wapi. Kila kompyuta ina jedwali la njia. Kwenye Windows utalisoma kwa amri ya route print, kwenye Linux kwa ip route. Kabla ya kutuma kitu, mashine hutafuta njia inayoitaja anwani ile kwa undani zaidi. Anwani ikiwa ya mtandao wa ndani, kitu hutoka kwa kadi ya ndani. Isipotajwa popote, hupelekwa kwenye lango la kawaida, ambalo katika Windows za Kifaransa zinazotumika hapa huandikwa Passerelle par défaut. Lango ni la anwani zote zisizojulikana, yaani intaneti nzima.

Kwa hiyo kadi ya intaneti hupewa lango, na kadi ya ndani huachwa bila lango. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni fundi kujaza sehemu hiyo katika kadi zote mbili, eti fomu isibaki na pengo. Windows ikikuta malango mawili huchagua lenye namba ndogo ya kipimo cha njia, na namba hiyo huikadiria yenyewe kwa kufuata kasi ya kadi. Kebo ya gigabiti huishinda Wi-Fi. Matokeo yake, ukichomeka kebo ya swichi, intaneti inakufa papo hapo huku alama ya Wi-Fi imejaa: kila kitu kimepelekwa kwenye swichi isiyotoka popote, kama malori ya shaba yaliyoelekezwa uchochoro wa Katuba badala ya barabara ya Kasumbalesa. Kampuni ya simu hulaumiwa bure.

Jambo la pili ni anwani. Kadi mbili zisikae katika mtandao mmoja. Visanduku vingi vya 4G hugawa anwani zinazoanza na 192.168.0, 192.168.1 au 192.168.8, ukitumia hizo hizo kwa kebo, mashine haitajua upande wa kutokea. Kwa ndani chukua kitu cha mbali, mfano 10.20.30.1 kwa seva na zinazofuata kwa wafanyakazi, barakoa ya mtandao (mask) 255.255.255.0. Anwani zote zinazoanza na 10 zilitengwa tangu miaka ya 1990 kwa mitandao binafsi, hazitagongana na tovuti yoyote.

Ukimaliza, Windows huandika Réseau non identifié kwenye kadi ya ndani, kwa kuwa haina lango la kuitambulisha. Usitishike. Ila huihesabu kama mtandao wa umma na kuufunga ushirikishaji wa mafaili, na hapo mafundi wengi huzima ukuta wa moto wote. Msifanye hivyo. Fungueni kanuni moja tu, inayoruhusu mafaili kwa anwani za 10.20.30 peke yake. Kisha kwenye kadi ya intaneti ondoeni alama kwenye Partage de fichiers et imprimantes. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia huduma hiyo hiyo ya mafaili, bandari 445. Na mtu asiwashe huduma ya kugawana muunganisho, kwani mashine ingegeuka ruta na utengano wote ukaisha. Kumbukeni pia kwamba kadi mbili hazizuii kompyuta iliyokwisha kuambukizwa kuishambulia seva. Nakala za akiba, zikiwa kwenye diski iliyochomolewa, bado ni lazima.

Wazo la kutenganisha kazi za ndani na intaneti halikuishia ofisini. Kulikuwa na wakati ambapo ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za mji mmoja ungeweza kuzunguka hadi Ulaya ndipo urudi. Kinshasa ilipata kituo cha kubadilishana trafiki, KINIX, mwaka 2012, na Lubumbashi nayo ina LUBIX, ambapo kampuni hupeana trafiki ya hapa hapa bila kulipia njia ya kimataifa.

Turudi ofisini. Ofisi ikiwa na bohari Kipushi iliyounganishwa kwa antena, kadi ya ndani bado haihitaji lango. Inahitaji njia moja ya kudumu: route -p add 10.20.40.0 mask 255.255.255.0 10.20.30.254, ambapo 10.20.40 ni mtandao wa Kipushi na 254 ni ruta ya antena. Herufi p ndiyo inayoibakiza njia hiyo baada ya kompyuta kuzimwa, na katika mji wa delestaji, yaani mgao wa umeme, kuzimwa ni jambo la kila wiki. Kwa sababu hiyo hiyo, wekeni swichi na seva kwenye betri moja. Swichi ya matundu 8 hula wati zisizofika 10, basi haitailemea betri ya seva. Printa ya leza, inayovuta mamia ya wati inapopasha joto, ibaki kwenye umeme wa SNEL.