Tai Chi kwa Wazee: Manufaa na Tahadhari

Mzee anapoanguka, madhara mara nyingi huzidi michubuko. Nyonga ikivunjika, huenda asitembee tena kama zamani. Hata asipovunjika, hofu ya kuanguka tena humfanya ajizuie kutembea, misuli ya miguu ikalegea na hatari ya kuanguka ikaongezeka. Miongoni mwa mazoezi yaliyochunguzwa sana kama kinga dhidi ya hali hiyo ni tai chi.

Tai chi ni sanaa ya kujihami iliyoanzia China. Mwaka 1956, mamlaka ya michezo ya nchi hiyo iliandaa mtindo mfupi wenye miondoko 24 ili watu wa kawaida waweze kujifunza. Mtu husogea polepole, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine huku akipumua kwa utulivu.

Kuhamisha uzito huko huimarisha misuli ya miguu na kuuzoeza mwili kujirekebisha mapema unapoyumba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwahusisha watu 670 wenye umri wa miaka 70 au zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Waliofanya tai chi saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka mara chache zaidi, pungufu kwa asilimia 58, kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliowahusisha watu 204 wenye maumivu ya goti yatokanayo na kusagika kwa gegedu, ulionyesha kuwa tai chi ilipunguza maumivu kwa kiwango kinacholingana na cha fiziotherapia.

Kuhusu usalama, mapitio ya majaribio 153 yaliyochapishwa mwaka 2014 yalibaini kuwa madhara yaliyoripotiwa kwa kawaida yalikuwa madogo, hasa maumivu ya magoti na mgongo. Hata hivyo, majaribio 50 tu ndiyo yaliyotoa taarifa kuhusu madhara. Ukimya wa mengine usichukuliwe kuwa ushahidi wa usalama.

Kwa hiyo, kabla ya kumshauri mgonjwa aanze, mhudumu wa afya amuulize kama amewahi kuanguka, kama hupata kizunguzungu anaposimama, na kama anatumia dawa za shinikizo la damu au insulini. Mwenye mifupa dhaifu, ugonjwa wa moyo au aliyefanyiwa upasuaji karibuni ahitaji ushauri wa daktari kwanza.

Anayeanza asimame karibu na ukuta au kiti imara, juu ya sakafu isiyoteleza. Goti lielekee upande wa vidole vya mguu na lisivipite, na mwili usishushwe chini kupita uwezo wake. Asiyeweza kusimama muda mrefu anaweza kufanya miondoko ya mikono akiwa ameketi. Akipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kizunguzungu au uvimbe wa goti, aache mara moja na kwenda kituo cha afya.

Tai chi haichukui nafasi ya dawa, na mgonjwa asipunguze dozi kwa sababu tu anajihisi nafuu. Faida yake huja taratibu, kwa anayefanya mazoezi mara kwa mara, akiongozwa na mwalimu anayeijua hali yake ya afya.