Namna ya Kukipima Kitabu cha Mitandao ya Neva Kabla ya Kutoa Faranga



Mwaka jana wenzetu kumi na wawili wanaokaa Kimironko walichanga faranga 2,000 kila mmoja, wakanunua kitabu karibu na soko. Kitabu kilihusu mitandao ya neva, yaani zile programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano, mpaka zikaweza kutambua sura ya mtu au kusoma maandishi. Sababu yao ilikuwa nzuri. Kiwandani walikuwa wameambiwa kwamba kamera itakagua mishono badala ya macho ya watu, nao walitaka kujua kitu hicho kinafanyaje kazi kabla hakijawafikia.

Jalada lilikuwa na roboti mwenye macho ya buluu. Ndani mlikuwa na sifa tupu, kurasa kwa kurasa za kusema kompyuta inafikiri kama ubongo, wala hapana hesabu hata moja. Faranga 24,000 zikapotea.

Kamati yetu ilikaa juu ya jambo hili. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na tulidhani kitabu cha wataalamu hatuwezi kukihukumu. Tumeona tunaweza, kwa penseli.

Fungua mahali wanapoeleza jinsi mashine inavyojifunza. Kitabu chema cha kuanzia kitakupa neva moja na namba ndogo. Mathalani zinaingia namba mbili, 2 na 3, na kila moja ina uzito wake, 0.5 na 0.1. Zidisha kila namba kwa uzito wake, upate 1.0 na 0.3, jumla 1.3. Jibu sahihi lilikuwa 1, basi mashine imepita kwa 0.3. Sasa punguza kila uzito: chukua kosa, zidisha kwa namba iliyoingia, zidisha tena kwa hatua ndogo, tuseme 0.1. Uzito wa kwanza unashuka hadi 0.44, wa pili hadi 0.01. Rudia hesabu: 0.88 na 0.03, jumla 0.91. Kosa lilikuwa 0.3, sasa limebaki 0.09. Huko ndiko kujifunza kwenyewe. Neva zikiwa nyingi, kosa hurudishwa nyuma tabaka kwa tabaka, njia iliyopata umaarufu mwaka 1986 kwa makala ya Rumelhart, Hinton na Williams. Kitabu cha wanaoanza kisichokuwezesha kufanya mzunguko mmoja kama huu kwa mkono, kiache mezani kwa muuzaji.

Si kwamba kila kitabu kigumu ni kibaya. Kile cha Goodfellow, Bengio na Courville cha mwaka 2016 kinaheshimiwa sana, lakini kinaanza na hesabu za chuo kikuu. Kijana wako aliyesoma hesabu atakifurahia. Sisi kitatutoa jasho bure. Cha Michael Nielsen ni chepesi zaidi, na husomwa bila malipo kwenye intaneti. Programu yake ya kwanza ina mistari 74 tu, nayo inasoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, ikipatia zaidi ya 95 katika kila 100. Kasoro yake ni kwamba iliandikwa kwa Python ya zamani, ambayo watengenezaji wake waliacha kuitunza mwaka 2020. Asiyeambiwa hivyo atakwama siku ya kwanza, adhani mjinga ni yeye.

Jambo la pili la kutazama ni mtihani. Katika zile tarakimu, picha 60,000 ni za kufundishia na 10,000 zimewekwa kando za kupimia, ambazo mashine haijapata kuziona. Mwalimu akitoa mtihani wenye maswali yale yale aliyokwisha kuyajibu ubaoni, darasa zima litafaulu, na hutajua nani ameelewa. Kitabu kinachosifu mashine bila kusema ilipimwa kwa mifano ipi kinakuficha kitu.

Wenzetu wa kiwandani wamelichukua swali hilo wakalipeleka kwa msimamizi kwa barua: hiyo kamera ilipimwa kwa mishono ipi, ya vitambaa vyetu na taa zetu, au ya kiwanda cha nchi nyingine? Na ikimhesabia mshonaji kosa ambalo si lake, nani atalikagua tena kabla mshahara haujakatwa? Mpaka tunapeleka gazeti hili mtamboni, barua haijajibiwa.