Datsun ya Shemeji
Shemeji yangu wa Leicester amenunua Datsun 240Z ya 1972. Aina hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa kwenye usukani. Madigadi ya mbele ilikuwa imebonyea vibaya, na hilo ndilo lililomkosesha shemeji usingizi.

Fundi bodi hakuijali. Madigadi ya mbele ya gari hili imefungwa kwa bolti. Unaifungua, unainyoosha mezani au unatafuta nyingine. Yeye alitoa sumaku ndogo, akaizungushia kitambaa isikwaruze rangi, akaipitisha polepole chini ya milango. Mahali fulani ikadondoka. Hapo palikuwa pamejazwa puti, na nyuma ya puti bati lilikuwa limeliwa na kutu.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. 240Z haina chesi ya peke yake; bodi ndiyo inayobeba injini na abiria. Ukikata mihimili ya chini ya milango pande zote mbili kwa pamoja, gari linaweza kupinda katikati na milango isifunge tena. Kwanza huchomelewa vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango, kisha hukatwa upande mmoja mmoja. Ni kazi ya wiki nyingi, na fundi hulipwa kwa saa.

Dada yangu aliuliza jambo moja tu: pesa za tiketi za Mombasa za Desemba ziko salama? Ziko. Mwaka huu ni kutu peke yake. Madigadi imeegemezwa ukutani gereji, imebonyea vilevile, na watoto wameshaanza kuitundikia kofia zao.